Aliye Malangoni

Jumapili ya Oktoba. Mijakaranda imemwaga zambarau yake barabarani,
na sisi uani mwa sinagogi
tunajenga nyumba inayovuja kwa makusudi.

Fito za Gikomba, kamba ya katani,
mabua ya mahindi niliyoomba kwa shangazi kule Wangige
nikayafunga juu ya gari,
majirani wakadhani nimeanza kufuga ng'ombe.

"Paa lazima lionyeshe nyota," nawaambia.
Naftali, mwenye miaka tisa na maoni ya miaka hamsini,
anauliza ni fundi gani huyo asiyejua mvua za vuli.
Namwambia: babu zetu jangwani, miaka arobaini,
bila mabati, bila hati ya kiwanja.
Ndiyo maana ya Sukoti. Siku saba za kukumbuka
kwamba ukuta si wako.

Kabla ya msumari wa tatu, ugomvi:
nani nahodha wa kibanda?
Naftali ameshika nyundo, basi anadhani ameshika nchi.
Mapacha wa Mama Dalia wanasimamia uchaguzi,
watoto kumi na wawili, kura kumi na saba.

Nikawakalisha mkekani, nikafungua Torati.
Zamani, nikasema, kila mwaka wa saba, katika sikukuu hii hii,
mfalme alisimama mbele ya watu akawasomea sheria.
Sheria yao, na yake.
*Asijiongezee farasi.
Asijirundikie fedha wala dhahabu.
Moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake.*

"Farasi wana ubaya gani?"
Huyo ni Asheri, ambaye baba yake humpeleka kutazama mbio kule Ngong.
Sikuwahi kumjibu.
Ng'ambo ya ukuta ving'ora vililia,
magari meusi, taa zikipepesa mchana kweupe,
mji mzima ukisukumwa kando ya lami.
Atara akayahesabu kupitia ufa wa ua, vidole vikamwishia.
"Mwalimu," akasema, "ndio hao?"

Nimesomea ualimu. Nilifunzwa
kutoingiza siasa darasani.
Nikasema tuendelee.

*Wakusanye watu, wanaume, wanawake na watoto,
na mgeni wako aliye malangoni,*
na mvua ikaanguka hapo hapo,
mvua ya Nairobi isiyobisha hodi,
ikapenya mabua, ikaingia kwenye chupa ya uji,
kwenye miwani yangu, kwenye maneno ya mfalme.
Naftali alipaza sauti: turubai! turubai!
Hakuna aliyemsikiliza. Wote walikuwa mbioni,
na nyundo yake ikabaki nje ikilowa.

Barazani nikahesabu vichwa.
Kumi na mmoja.
Nikahesabu tena, kifua kikinibana.

Yemima, mdogo kuliko wote,
asiyepiga msumari, asiyepiga kura,
alikuwa langoni.
Kikombe cha uji mkono mmoja, mkono wa pili
ukikifunika kwa daftari la hesabu.
Alikuwa akimwambia askari:
"Mwalimu amesema na wewe uje."

Sikuwa nimesema.
Miaka sita nimepita pale nikiinua mkono,
habari ya asubuhi, habari ya jioni,
na yeye akifungua, akifunga.

"Anaitwa Ekidor," Yemima akaniarifu,
kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake kazi ya nyumbani.
"Anauliza kama anaruhusiwa."

Mvua ilipopungua aliinama, akaingia kibandani,
kofia kifuani, buti zikitoa maji.
Akatazama juu muda mrefu.
"Paa hili lenu," akasema kwa upole, "lina matatizo."

Watoto wakacheka mpaka mapacha wakakaa chini kwenye tope.
"Ndivyo linavyotakiwa," Yemima akamweleza,
akasogea, akampa nafasi mkekani.

Ilikuwa saa tisa mchana, mawingu matupu,
nyota hata moja hakuna.
Tukatazama juu hata hivyo.